Mdiria Niliyempaka Mdomo

Kaka yangu alikuwa na tabia ya kuahidi vitu vya watu wengine. Tulipokuwa watoto Mikindani aliwaahidi wenzake wa chuoni ubwabwa wa mama, nao wakaja kweli, na sahani zao. Alipokuwa mtu mzima, karani mwenye kalamu mbili mfukoni, aliahidi mikono yangu. Alirudi kutoka kazini alasiri moja, akavua viatu vyake mlangoni taratibu, akavipangusa kwa leso, ndipo akaniambia nimepata kazi.

"Kazi gani?"

"Kushona ndege."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Wakati huo nilikuwa nimeachwa na mume, eda yangu imekwisha, na nilikuwa nakaa kwa kaka Magomeni, ile ya huku kusini, nikishona kofia za mkono. Kofia zangu zilikuwa na vitundu vidogo hata ukiinua moja juani ungedhani imetobolewa na mdudu mwenye subira. Nasema hivi bila haya, kwani ni kweli, na kaka alikuwa ameitumia kweli hiyo kujipendekeza kwa bwana wake.

Bwana wake alikuwa mpima. Bandari ilikuwa inajengwa, na kazi yake ilikuwa kupima kina cha maji na kupigilia vigingi pwani. Hiyo ndiyo kazi aliyolipwa. Moyo wake ulikuwa kwa ndege. Kila Jumamosi alipanda gari lake kwenda Msimbati na mlangoni mwa Mto Ruvuma, akarudi na ndege waliokufa wamefungwa kwenye karatasi kama vitumbua. Alikuwa mrefu, magoti yake mekundu kama kamba waliochemshwa, na alisema Kiswahili kile cha mabwana wa mashambani, kisichojua mtu wala kitu.

"Mama hii iko vidole mzuri," alimwambia kaka siku ya kwanza, akiutazama mkono wangu, si uso.

"Ndiyo bwana," akasema kaka, kana kwamba vidole ni vyake.

Kazi yenyewe ilifanyika katika ghala la bati nyuma ya nyumba ya mpima. Alinifundisha mwenyewe. Unampasua ndege tumboni, unamvua ngozi pamoja na manyoya yake kama unavyomvua mtoto kanzu, unatoa nyama yote, unanyunyiza unga wa mahindi kukausha damu, unapaka sabuni ya sumu ndani, unajaza pamba, kisha unashona. Kabla hujatupa nyama unaangalia ndani kujua ni dume au jike, na kama jike, ana mayai au hana. Kisha mpima anaandika kibandiko: mahali, siku, jinsia, na rangi ya mdomo na miguu, kwa sababu rangi hizo hufifia ndege akikauka.

Kwa wiki moja sikuweza kula. Ndege hawa hawakuchinjwa, walikuwa mizoga, na mimi ni mtoto wa watu waliosoma dini. Kila nikitoka nilioga mwili mzima kabla ya kugusa msala. Majirani waliojua walianza kupeleka kofia zao kwa mtu mwingine. Nilimwambia kaka, naye akanijibu kwamba ustaarabu una gharama yake. Alipenda neno ustaarabu. Alilipata ofisini pamoja na zile kalamu.

Mpima hakujali ndege wote. Alimtaka mdiria, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu mnene, na hasa wadiria wa aina mbili. Mmoja ni yule wa mikoko, ambaye mdomo wake wote ni mwekundu, juu na chini. Wa pili ni yule wa msituni, anayekuja na mvua, ambaye mdomo wa juu ni mwekundu na wa chini mweusi. Mgongo wa buluu wanao wote wawili. Mtu asiyetazama vizuri atasema ni ndege mmoja.

Ukutani mpima alibandika karatasi kubwa aliyochora mti. Kila tawi lilikuwa aina ya ndege, na mahali matawi yalipokutana palikuwa babu yao. Nilimwuliza kaka maana yake, kaka akamwuliza mpima, na mpima akazungumza kwa muda mrefu sana huku akigongagonga karatasi kwa kidole.

"Anasema," kaka akafasiri, "zamani za kale hawa wawili walikuwa ndege wa aina moja. Wengine wakashuka pwani wakazoea mikoko na kaa, wengine wakabaki msituni wakila panzi. Wakakaa mbalimbali vizazi na vizazi, hata wakaachana sura na sauti. Sasa anataka kujua kama wameachana kabisa, au bado wanaoana."

"Atajuaje?"

"Pale Ruvuma wanakutana. Kama wanaoana, lazima atapatikana mtoto wao, mwenye mdomo wa katikati. Chini mwekundu na mweusi umechanganyika. Bwana ndiye atakayempata. Ataandikwa vitabuni."

Mpima alitabasamu aliposikia neno vitabuni, neno ambalo alilijua.

Mpiga ndege wake alikuwa Mmakonde mmoja wa kijiji cha juu ya mto, mtu mkimya mwenye meno yaliyochongwa. Alipewa bunduki ndogo na risasi zilizohesabiwa. Kila baada ya siku kadhaa alishuka na furushi, akaketi nje ya ghala kwenye kivuli cha ukuta, akangoja. Mimi sikuzungumza naye. Kwetu Mikindani hatukuzoea kukaa na watu wa namna ile, na mimi, mwanamke aliyeachwa anayeshika mizoga, nilihitaji sana mtu wa kumwona yuko chini yangu.

Yeye ndiye aliyeanza mazungumzo. Siku moja, nikiwa nampasua mdiria wa mikoko, nilikuta ana yai lililokwisha kuota ganda. Nikashangaa kwa sauti, maana wale wote wa huku kwenye mikoko ya Msimbati niliowapasua walikuwa watupu.

"Huyo wa juu," akasema yule mtu toka kivulini. "Wakitaka kutaga wanapanda Luvuma. Wanaingia kwenye mashimo ya miti, msituni. Wakimaliza wanarudi kwenye chumvi."

"Na wale wengine, wa mdomo mweusi, wanataga wapi?"

"Huko huko. Mti huu na mti ule. Wanapigana tu kugombea mashimo. Kila mmoja analia kilio chake na anamjua mkewe."

Nilimweleza kaka amweleze mpima. Kaka alisema hawezi kumpelekea bwana habari za mshenzi.

Miezi ikapita, mwaka ukaisha, na mwingine ukaingia. Masanduku mawili yakajaa wadiria wamelala chali, miguu imefungwa pamoja, vibandiko vinaning'inia. Kila mmoja alikuwa kazi ya mkono wangu. Ungemgeuza hivi na hivi usione mshono. Wa mikoko walikuwa wa mikoko, wa msituni wa msituni. Wa katikati hakuna. Mpima akaanza kukonda. Akaagiza wengine. Yule Mmakonde akaniambia kwamba huko juu kuna mashimo matupu sasa, na nikamwona mpima akimhesabia risasi nyingi zaidi. Mtu mzima, ana mshahara, ana mpishi, ana kitanda cha chuma, anaua viumbe mmoja mmoja kwa sababu hawakubali kuzaa mtoto anayemtaka yeye. Nilimdharau hata nikasahau kumwogopa.

Kaka naye alikuwa na haja yake. Bandari ilikaribia kufunguliwa, na kungekuwa na karani mkuu.

"Bwana akimpata ndege wake," aliniambia tukila, "atanikumbuka."

"Hampati. Hayupo."

"Wewe una mikono, dada."

Nilimwelewa upesi. Nikamwambia anyamaze ale muhogo wake.

Pengine ingeishia pale. Lakini Jumapili moja mpima alipata wageni, mabwana watatu na bibi mmoja aliyejifunika pua. Akawaleta ghalani, akawafungulia masanduku. Bibi yule akamshika mdiria mmoja, akampapasa kifuani, akauliza jambo, naye mpima akanionyesha kwa kidevu. Kisha, ili na mimi nifurahi, akalisema kwa Kiswahili:

"Hii mama ni mikono tu. Kichwa ni mimi."

Wakacheka. Nami ningeweza kustahimili kicheko chao, wageni hawajui kitu. Lakini kaka alikuwa amesimama mlangoni, na kaka alicheka kuliko wote.

Siku ya tatu yake Mmakonde alileta wadiria wanne wa mikoko. Watatu niliwashona kama kawaida. Wa nne nilimweka kando. Nilikwenda nyuma ya ghala nikaokota maganda ya korosho, nikayaponda, nikapata yale mafuta yake makali, meusi, yanayounguza. Nikachovya ncha ya sindano. Nilianzia mzizi wa mdomo wa chini, chini ya manyoya, nikaja na mafuta kidogo kidogo mpaka nusu, na pale nusu nikautawanya weusi ufifie ndani ya wekundu kama wingu. Nilifanya mara tatu, nikikausha juu ya makaa. Kazi ile ilinichukua siku nzima na ilikuwa kazi nzuri. Sitasema vinginevyo. Kidole changu cha shahada kiliungua, kikatoa lengelenge.

Sikumfanyia kaka, ingawa yeye anaamini hivyo hadi leo. Nilitaka tu kuona kama kichwa kile kinamjua ndege wake.

Hakikumjua. Mpima alimwona mezani, akasimama. Akamchukua akatoka naye juani. Akarudi, akakaa juu ya sanduku, akamgeuzageuza, akamshika mdomo kwa vidole viwili kwa muda mrefu, na macho yake yakajaa machozi. Aliniuliza ndege ametoka wapi. Nikamwambia mlangoni mwa mto, pamoja na wale watatu. Akaandika kibandiko. Usiku ule kwake palichezwa santuri.

Baada ya siku mbili vidole vyake viwili vilivimba, ngozi ikawa nyeusi ikabanduka. Alilaumu sabuni ya sumu. Mimi nilikuwa nimefunga kidole changu kwa kitambaa. Kaka aliangalia vidole vya bwana wake, akaangalia changu, akawa hana rangi, lakini wiki ile ile akanunua tai.

Mdiria alitumwa Ulaya katika kopo la bati, kwenye jumba la watu wanaokusanya ndege wa dunia nzima, pamoja na barua ndefu. Masanduku yote yalifuata kwa meli, yale mawili na la tatu lililojaa nusu, ili wakubwa wale waone ukoo mzima. Mpima alikuwa amekwisha kumchagulia ndege wake jina, na jina lile lilikuwa la kwake mwenyewe, limevalishwa nguo za Kilatini. Kaka alijifunza kulitamka.

Jibu lilichukua miezi mingi. Lilipokuja, lilipita kwanza mezani kwa kaka, na kaka, ambaye barua za bwana alizisoma kabla ya bwana, alirudi nyumbani saa tano asubuhi akaketi sakafuni.

"Wamekwangua mdomo," akasema. "Kwa kisu. Chini yake ni mwekundu."

"Wamesema nini kingine?"

"Wamesema asiwapelekee tena kitu. Wanarudisha yote."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa furaha.

Masanduku yalirudi na meli iliyofuata, na siku hiyo hiyo mpima alikuja kwetu Magomeni kwa miguu. Hakuwa amewahi kuja kwetu kabla. Aliinama mlangoni, akaingia, akamweka mdiria juu ya mkeka wangu. Mdomo wa chini ulikuwa umekwanguliwa upande mmoja, mwekundu na mweusi mistari mistari.

"Nani?" akauliza.

Kaka aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Bwana, ni huyu! Mwanamke hana akili, bwana. Mimi sikujua. Nilikuwa ofisini."

Nikamtazama kaka yangu, tai yake, jasho lake. Nikamwambia mpima, "Ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, hata kwa kofi. Nilikuwa na jibu tayari, juu ya mikono na kichwa, jibu refu nililolipigia pasi kwa miezi. Mpima hakupiga kelele. Alianza kuzungumza kwa Kiingereza, polepole, akitazama chini, na kaka akafasiri.

"Anasema wale wengine wote ni wa kweli. Kila ndege na mahali pake, kila jike na mayai yake. Anasema hakuna mtu aliyewahi kukusanya namna ile kwenye mto huu. Lakini sasa hakuna atakayewaamini. Wakubwa wanasema kama mmoja ni wa uongo, watajuaje wengine. Kazi yote imekufa."

Hapo ndipo kicheko changu kilipokwisha. Masanduku matatu. Mishono yangu. Majike yenye mayai kutoka juu ya mto, majike matupu kutoka chumvini, niliowafungua mimi na kuwasema mimi, naye akaandika. Nilikuwa nimepaka mdomo mmoja, na nimewapaka wote.

"Mwambie," nikamwambia kaka, "wa katikati hayupo. Masanduku yenyewe yanasema. Wanataga mti kwa mti na hawachanganyiki. Hilo ndilo alilokuwa analitafuta, na amekuwa nalo miaka miwili. Wameachana. Mwambie."

Kaka akasema maneno matatu au manne ya Kiingereza. Sijui Kiingereza, lakini nilijua maneno yangu yalikuwa mengi kuliko hayo. Nikamsukuma kando. Nikasema mwenyewe, kwa Kiswahili kile chake:

"Katikati hakuna, bwana. Hii mbali, hii mbali."

Akaniangalia usoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Mimi najua," akasema. "Mwaka moja sasa, mimi najua."

"Basi kwa nini ukaamini yule wangu?"

Magoti yake yalikuwa na vumbi jekundu la Magomeni.

"Mimi nilitaka," akasema, akatoka.

Nimemfikiria sana mtu yule, na kila nikimfikiria dharau yangu inarudi ikiwa nzima. Alikuwa na jambo la kweli mkononi akalitupa kwa sababu halikuwa na jina lake. Lakini mimi nilijua kwamba ni la kweli kabla yake, tangu siku ya lile yai, na nililiharibu ili kumwona anaaibika. Yeye alidanganywa. Mimi nilidanganya nikiwa macho, kwa mkono uliotulia.

Alihamishwa kabla ya mvua. Bandari ilifunguliwa kwa bendera na bendi, na kaka akawa karani mkuu hata hivyo, maana hapakuwa na mwingine anayejua mafaili yako wapi. Bwana aliyekuja kukaa katika nyumba ya mpima alilitaka ghala aweke saruji. Aliposikia ndege wale wana sumu, akaamuru wachomwe. Kaka ndiye aliyesimamia. Nilikwenda nikamwomba sanduku moja tu, hata lile la nusu. Akasema ni mali ya serikali, akawasha kibiriti. Manyoya yananuka vibaya yakiungua. Ile buluu haikuonekana hata kidogo katika moto, ulikuwa moto wa kawaida, na vibandiko vilipaa vikiwaka pembeni kisha vikaanguka kwenye mchanga.

Sikusema na kaka mpaka mwezi wa Ramadhani, na hata baada ya hapo nilisema naye kama mtu anavyosema na karani.

Karibu wiki mbili baada ya moto ule, Mmakonde alitokea nyumbani kwetu. Alikuwa ametembea kutoka juu ya mto. Hakuna aliyempelekea habari. Alikuwa na bunduki ya mpima, imefungwa kwenye gunia safi, na furushi la ndege sita.

"Bwana amekwenda kwao," nikamwambia. "Hakuna kazi tena."

"Na bunduki?"

"Peleka ofisini kwa kaka yangu."

Aliketi kizingitini. Alifungua furushi, akawapanga ndege wale chini kwa utaratibu tuliouzoea, wa mikoko upande huu, wa msituni upande ule, kisha akawatazama.

"Na wale tuliowaua kwanza?" akauliza. "Wamefika Ulaya?"

Nikamwambia walifika, wakarudi, wakachomwa. Hakuuliza kwa nini. Labda aliona usoni mwangu kwamba sitamwambia. Aliwakusanya ndege wake, akaomba maji.

Nilimpa katika kopo la bati tulilolitundika nje kwa ajili ya watu wa bara. Alikunywa, akalisuuza, akalirudisha kwenye msumari wake, akanishukuru kwa heshima. Kabatini nilikuwa na bilauri sita za wageni.